Alikutwa Si Mbali na Motakaa Yake

Leo nataka niwaulize swali moja kabla ya kuendelea. Ukitoka nyumbani kwako asubuhi, ukaaga kwamba utarudi jioni, kisha usirudi. Na siku ya pili usirudi. Na siku ya tatu vivyo hivyo. Je, watu wa kijijini kwako watasema nini?

Usinijibu upesi. Mimi ni karani wa parokia, kazi yangu ni madaftari ya ubatizo, ya ndoa na ya marehemu, na dirisha la ofisi yangu linatazamana na mwembe ambapo watu hukaa wakingoja zamu yao. Kwa hiyo nasikia mengi bila kuuliza. Siku ya kwanza husema, "Labda amekosa basi." Siku ya pili husema, "Mwajua yule ana madeni." Siku ya tatu huwa wamekwisha kumpatia mke mwingine, mji mwingine, hata na jina la mji huo wanalo. Ukiwauliza wamepata wapi habari hiyo, watakujibu kwa methali: lisemwalo lipo, na kama halipo laja. Methali hiyo wazee wetu walikuwa na sababu zao za kuisema, bali mimi siku hizi siipendi. Sababu yangu mtaiona huko mbele.

Kwanza nitawasimulia habari ya mtu mmoja wa Marekani. Ni habari ya mwaka 2006, nayo haijachakaa. Nimeisoma mara nyingi kuliko nilivyohitaji, na kila niisomapo naona jambo ambalo mara ya kwanza lilinipita.

Bwana huyo aliitwa James Kim. Alikuwa na umri wa miaka 35. Kazi yake ilikuwa kuandika juu ya mitambo mipya, hasa vile vidude vidogo vya kusikilizia muziki, katika shirika la habari liitwalo CNET. Na kabla ya hapo alikuwa akionekana katika televisheni. Basi uso wake ulijulikana na watu wengi ambao hawajapata kumshika mkono. Aliishi mji wa San Francisco pamoja na mkewe na binti zao wawili, mmoja wa miaka 4, na mwingine mchanga wa miezi 7.

Mwezi wa Novemba mwaka huo walisafiri kwa motakaa yao kwenda kaskazini, mpaka Seattle, kwa sikukuu ile ya Wamarekani ya kutoa shukrani. Walipokuwa wakirudi, Jumamosi tarehe 25 Novemba, waliondoka Portland katika jimbo la Oregon, wakikusudia kulala pwani, mahali paitwapo Gold Beach. Barabara kuu yashuka kutoka kaskazini kwenda kusini, mbali na bahari, na anayetaka kwenda pwani hana budi kuiacha kwenye njia panda na kukata kuelekea magharibi. Ilikuwa usiku. Ile njia panda waliipita.

Msomaji, je, umepata kupita njia panda ukagundua baadaye? Ni wachache kati yetu wanaorudi nyuma. Mtu husema moyoni, "Nimekwisha kuja mpaka hapa, mbele lazima iko njia nyingine." Nao waliitazama ramani, wakaona mstari mwingine unaokwenda pwani kupitia milimani. Njia hiyo huitwa Bear Camp Road. Wakati wa kiangazi watu huipita bila taabu. Wakati wa baridi hujaa theluji, na hakuna anayeiondoa.

Kwa wale wasiopata kuona theluji: sisi tunaiona kwa mbali juu ya Kilimanjaro, ni nyeupe na yapendeza machoni. Lakini barabarani ni adui. Fikirini njia ya mbugani wakati wa masika, ule udongo mweusi unaonata, gari likiingia magurudumu huzunguka tu pale pale kama kinu cha kusagia. Ndivyo theluji ifanyavyo, tena yenyewe huongeza baridi inayoua.

Walipopanda mlimani theluji ikawazidi. Wakarudi kinyumenyume mpaka penye njia mbili, wakashika nyingine iliyoonekana kushuka chini, iliyo nafuu. Kumbe hiyo haikuwa njia ya wasafiri, ilikuwa njia ya malori ya magogo, inayozunguka msituni bila kutokea mahali. Walikwenda juu yake maili nyingi. Yapata saa nane za usiku walisimama kwa uchovu, wakakubaliana walale garini mpaka kupambazuke. Kulipopambazuka, mvua na theluji vilikuwa vikishuka, na gari halikuweza kwenda mbele wala kurudi nyuma.

Hapo walikaa siku saba.

Yapasa nisimame kidogo katika siku saba hizo, maana watu huzirukia. Chakula walichokuwa nacho kilikuwa kidogo, vibiskuti na chakula cha mtoto. Kilipopungua, mama aliwanyonyesha watoto wote wawili, hata yule wa miaka 4 aliyekuwa amekwisha kuacha ziwa. Waliwasha mtambo wa joto wa gari kwa kipimo, wakiubana ili petroli isiishe. Ilipoisha wakachoma kuni, wakachoma magazeti, mwishowe wakachoma matairi ya gari, ili wapate moto na pia moshi mweusi uonekane na watu wa angani. Simu walikuwa nayo, lakini katika mabonde yale haikushika. Baba mwenye nyumba aliona petroli inakwisha, aliona chakula kinakwisha, aliona mkewe anakonda. Kila mtu anajua kwamba kukaa bila kufanya kitu huku watoto wako wanalia ni kazi ngumu kuliko kulima.

Nyumbani kwao walianza kutafutwa. Hakurudi kazini siku aliyotakiwa, na tarehe 29 Novemba polisi wa San Francisco walipewa habari. Jambo la kwanza lilikuwa hili: watafutwe wapi? Kutoka Portland mpaka San Francisco ni mwendo mrefu, wenye barabara za pwani, za bara na za milimani. Hakuna aliyejua walishika ipi.

Huko nyuma, maneno yakaanza. Nimesema uso wake ulijulikana na wengi. Watu elfu kwa elfu waliifuata habari hiyo mchana na usiku kwa namna ya siku hizi, kila mmoja nyumbani kwake, wakiandikiana. Wengi walifanya hivyo kwa upendo, na si haki kuwasema vibaya; wapo waliokesha wakitazama ramani wakijaribu kukisia njia aliyopita. Lakini mwembe ni mwembe hata ukiwa wa umeme. Wakisha kusikia machache huyajazia.

Sasa sikilizeni jinsi walivyopatikana. Katika kampuni moja ya simu huko Oregon walikuwapo mafundi wawili. Hawakuagizwa na mtu. Walijiuliza: mnara wa simu hukumbuka simu iliyougusa, hata kama hakuna mazungumzo yaliyopita, je, ya mtu huyu haikugusa mnara wowote? Wakapekua kumbukumbu za minara yao. Wakaona kwamba usiku wa kuamkia tarehe 26, yapata saa saba na nusu, ujumbe mfupi wa maandishi mara mbili uliingia katika simu ya Bwana Kim, kupitia mnara ulio karibu na mji mdogo wa Glendale. Ilikuwa mara moja tu, kisha kimya. Mafundi wakafanya hesabu ya mahali ambapo mnara ule hufikia na mahali ambapo milima huuzuia, wakaona Bear Camp Road ndipo penyewe. Wakawapasha habari wakubwa Jumamosi tarehe 2 Desemba.

Msomaji, iandike tarehe hiyo. Maana ni asubuhi ya Jumamosi hiyo hiyo, tarehe 2 Desemba, ambapo James Kim aliwaaga mkewe na watoto, akaenda kwa miguu kutafuta msaada. Kwa kuitazama ramani alidhani kijiji cha Galice kiko umbali wa maili 4 tu. Alivaa koti na viatu vya mpira vya michezo. Alisema akikosa kitu atageuka, arudi siku ile ile mchana.

Nilipokuwa chuo cha ualimu tulifundishwa kusoma ramani, na mwalimu wetu wa jiografia alikuwa akituambia kwamba ramani haina jasho. Maili 4 za karatasi si maili 4 za miguu, kwa kuwa karatasi haina mlima wala genge. Nilidhani ni mzaha wa darasani.

Jumatatu tarehe 4 Desemba mama na watoto waliokolewa. Aliyewaona alikuwa mwenyeji wa wilaya zile mwenye helikopta yake mwenyewe, ambaye hakuwa katika mpango wa serikali. Alizifahamu njia zile za magogo, akawaza kwamba mgeni akipotea huko atapotelea wapi, akaenda kutazama. Aliona nyayo katika theluji, akazifuata, akaona gari, na mama anapunga mwavuli. Wote watatu walikuwa hai.

Baba alitafutwa siku mbili zaidi. Walifuata nyayo zake. Njiani waliokota nguo na vipande vya ramani, kana kwamba ameviacha awaonyeshe alikopita. Aliifuata njia waliyokuja nayo, kisha akaiacha, akashuka katika korongo la kijito kiitwacho Big Windy Creek, pahali penye majabali, magogo yaliyoanguka na maji ya barafu, ambapo hata watafutaji wenye kamba walipita kwa shida. Jumatano tarehe 6 Desemba, yapata adhuhuri, mojawapo ya helikopta zilizokodiwa na jamaa zake ilimwona. Alikuwa amekwisha kufa kwa baridi. Alikuwa ametembea kiasi cha maili 16, ndiyo kilometa 26 hivi. Na mwendo wote ule ulikuwa umezunguka: pale alipolala, ukipima kama ndege arukavyo, hapakuwa mbali na motakaa yake, ila tu magenge yalikuwa katikati. Tena hapakufika maili moja kwenda nyumba moja ya wageni kando ya mto, iliyofungwa kwa majira ya baridi, lakini yenye akiba ya chakula ndani.

Nawaomba msiendelee upesi kusoma. Kapumzikeni, hata kama ni kunywa maji.

Baada ya maziko, watu wakaketi kuhukumu. Wa kwanza walisema, "Kosa ni la hizi ramani za kompyuta, ndizo zilizompoteza, na yeye kazi yake ilikuwa kusifu mitambo." Maneno hayo yalipendeza sana kusimulia, kwa hiyo yalienea. Lakini mkewe aliwaeleza polisi kwamba walitumia ramani ya karatasi, ile ya barabara za jimbo. Ramani hiyo ilikuwa na onyo pembeni juu ya njia na hali ya hewa, nao waliliona wakati wamekwisha kunasa. Basi kila aliyelaumu kompyuta alikuwa amesimulia uongo bila kujua, na uongo huo ungali unasimuliwa mpaka leo.

Wengine walisema, "Kosa ni la wahuni waliovunja kufuli." Maana pale mwanzo wa ile njia ya magogo palikuwa na lango la chuma, ambalo hufungwa wakati wa theluji. Idara ya serikali yenye kusimamia ardhi ile ilitangaza kwamba kufuli lilikatwa na wahuni. Watu wakawalaani wahuni hao. Baadaye ikachunguzwa, ikaonekana kwamba hapakuwa na mhuni. Watumishi wa idara yenyewe walikuwa wameliacha lango wazi, wakiogopa wasije wakawafungia wawindaji upande wa ndani. Tazama hapo! Nia yao ilikuwa kuzuia watu wasifungiwe katika theluji. Mimi siwezi kuwahukumu watumishi hao. Ila najua kwamba kwa majuma mengi watu walimlaani mhuni ambaye hakuzaliwa.

Na wa tatu, ndio wengi, walisema, "Mjinga! Angebaki garini angepona."

Hili la tatu lataka tulitazame kwa utulivu, kwa sababu lina ukweli ndani yake. Wote wanaofundisha habari za uokoaji husema hivyo: gari likikwama nyikani, usiliache. Gari ni kubwa, laonekana kutoka juu. Mtu ni mdogo kama sisimizi. Gari lakinga upepo, jua na mvua. Anayekutafuta ataliona gari kwanza. Nao waliobaki garini ndio waliokolewa, siku mbili baada ya baba kuondoka. Haya yote ni kweli, nami nawaambia vijana wetu wanaoendesha malori na pikipiki wayashike.

Lakini sikilizeni habari nyingine mbili za njia hiyo hiyo ya Bear Camp. Mwezi wa Novemba mwaka 1994 mchuuzi mmoja aliyekuwa na gari la mizigo alinasa huko katika theluji. Alifanya kama kanuni isemavyo, akakaa garini. Akakaa majuma kwa majuma, akiandika barua kwa watu wake. Hakuna aliyekuja. Alikufa kwa njaa, na mwili wake ulipatikana mwezi wa Mei mwaka 1995. Na katika mwezi wa Machi mwaka huo huo wa 2006, miezi 8 tu kabla ya Bwana Kim, jamaa ya watu 6 walinasa njia ile ile katika gari lao la kulala. Walikaa zaidi ya majuma mawili. Mwishowe wawili kati yao wakaondoka kwa miguu, wakakutana na watu, na wote 6 wakapona.

Basi, aliyebaki alikufa, walioondoka walipona; na mara nyingine aliyeondoka akafa, na waliobaki wakapona. Kanuni ni njema, na yafaa kufuatwa, lakini haimpi mtu aliyeketi kando ya moto wake, ameshiba, ruhusa ya kumwita marehemu mjinga. Huyo baba alingoja siku saba. Hakujua kwamba siku ile ile mafundi wawili wanapekua kumbukumbu za mnara. Angejuaje?

Nataka niongeze jambo moja la elimu, kwa kuwa lasababisha maneno mengi hata huku kwetu. Mtu akizidiwa na baridi kali, akili yake huvurugika. Hukata shauri ambalo hangelikata akiwa mzima. Wengine karibu na kufa huona joto kali lisilokuwapo, wakavua nguo katikati ya baridi. Waganga wa hospitali walijua jambo hili tangu zamani. Vivyo hivyo kwa kiu ya jua kali: mtu huanza kusema ovyo, huacha njia anayoijua. Kwa hiyo mtu akikutwa amekufa mbali kidogo na gari lake, bila shati, bila kiatu kimoja, huku mlango wa gari uko wazi na ufunguo upo, usiseme mara moja, "Hapa pana mkono wa mtu," wala usitaje uchawi. Huenda mkono wa mtu upo. Hiyo ni kazi ya polisi na daktari kutafuta. Lakini huenda ni baridi tu, au kiu, au moyo uliosimama.

Sasa nije kwangu, maana nimewaahidi sababu.

Miaka michache iliyopita katika parokia yetu alikuwapo mzee mmoja mwenye pikapu kuukuu, mnunuzi wa mahindi. Alikuwa pia mtunza fedha wa kikundi cha kuzikana. Alhamisi moja wakati wa masika alikwenda mnadani, asirudi. Ijumaa hakurudi. Ijumaa jioni mwembe ulikuwa umekwisha kukata hukumu: amekimbia na fedha za kikundi. Mtu mmoja alisema aliahidiwa kuonyeshwa shamba alilonunua mkoa wa mbali. Mimi nilikuwa nafunga ofisi. Waliponiuliza, "Mwalimu, wewe waonaje?" (wananiita mwalimu kwa ajili ya cheti changu, ingawa darasa silifundishi) nikajibu kwa kicheko kidogo, "Fedha zina miguu." Maneno matatu tu. Kesho yake niliyasikia yamerudi kwangu kutoka kitongoji kingine, yamekwisha kuwa, "Hata karani wa parokia amesema."

Jumamosi mkewe alikuja ofisini. Nilisimama, nikamwamkia, "Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwalimu," akasema. Alikuwa na karatasi ya daftari la mtoto wa shule, imekunjwa mara nne. "Nimekuja na tangazo la kesho. Msomee watu, mwanangu. Kama kuna aliyeliona gari aseme."

Nikaichukua, nikaisoma. Ilikuwa imeandikwa vizuri, mwandiko wa mjukuu: jina, rangi ya pikapu, alikokwenda, siku aliyoondoka. Nami nikawaza maneno ya mwembe. Nikawaza, tukisoma hili kanisani, kisha ionekane amekimbia na fedha za watu, kanisa litachekwa. Nikamwambia, "Mama, tungoje kidogo. Huenda yu njiani anarudi. Tukitangaza mapema tutamwaibisha bure."

Alinitazama. Hakubisha. Alisema tu, "Haya, baba," akaondoka. Karatasi aliniachia.

Padri hakupata kuiona. Jumapili nilisoma matangazo ya ndoa, nikasoma ya ujenzi wa nyumba ya masista, nikasoma ya mbuzi aliyeokotwa. Ndiyo, wasomaji, ya mbuzi niliyasoma.

Jumanne wachungaji wa ng'ombe waliliona gari mbugani, limezama mpaka kwenye mihimili. Mzee walimkuta chini ya mgunga, kiasi cha hatua mia mbili kutoka hapo, ameketi ameegemea shina. Fedha za kikundi zilikuwa ndani ya kopo la kahawa chini ya kiti cha dereva, na kijidaftari pamoja nazo. Zilihesabiwa mbele ya mwenyekiti wa kijiji. Haikupungua hata senti.

Na hili ndilo linaloniamsha usiku: baba wa wale wachungaji alikuwapo kanisani Jumapili ile. Wanawe walikuwa wameliona gari lile kwa mbali tangu Jumamosi, wakafikiri ni la wapasua mbao. Aliniambia mwenyewe, bila hasira, "Mwalimu, laiti ningesikia tangazo, ningewatuma vijana Jumapili ile ile."

Daktari alisema moyo ulisimama, tena huenda alifariki usiku wa kwanza. Nimelishika neno lake hilo la "huenda" kwa mikono yote miwili. Lakini ni neno dogo.

Kikundi cha kuzikana kilimzika kwa fedha alizozitunza. Waliosema amekimbia walichimba kaburi, walibeba jeneza, walilia sana, na sidhani walilia kwa unafiki. Hakuna aliyemwendea mjane kumwambia, "Mama, nilisema hivi na hivi, unisamehe." Sisi Waafrika tunajua kuzika, tunakwenda wote, tunapika, tunakesha. Bali maneno tuliyoyasema juu ya marehemu kabla hajapatikana, hayo hatuyaziki. Watoto wake waliyasikia shuleni kwa siku nne, wakitaniwa na wenzao. Nilifikiri juu yao niliposoma habari ya Bwana Kim, nikafikiri yule binti wa miaka 4 ambaye leo ni mtu mzima, aweza kusoma mwenyewe kila neno lililoandikwa juu ya baba yake.

Nilikwenda kwa mjane baada ya arobaini. Sikwenda mapema, kwa aibu. Nikamweleza yote, tangu "Fedha zina miguu" mpaka karatasi. Alikuwa anapepeta mchele. Hakuacha kupepeta. Alipomaliza ungo ule akasema, "Nilijua siku ile, mwalimu. Uso wako ulikuwa umekwisha kusikia." Kisha akaniuliza kama nimekula.

Tangu hapo nimepatana na Padri jambo moja, naye amelikubali kwa moyo: mtu wa parokia asipoonekana, habari yake hutangazwa siku ile ile iletwapo, hata kama si Jumapili. Kengele hupigwa, watu wakakusanyika, tangazo likasomwa kama lilivyoandikwa, bila kuongeza neno. Hatuulizi kwanza kama ana madeni. Mara mbili tumepiga kengele hiyo. Mara ya kwanza alikuwa kijana aliyelala kwa rafiki yake, akarudi akaona haya, watu wakacheka. Mara ya pili alikuwa dereva wa pikipiki aliyevunjika mguu korongoni, wakamfikia kabla ya giza.

Ninyi mnaosafiri, nawaomba jambo dogo. Mwambieni mtu mmoja wa nyumbani njia mtakayopita, si mahali mwendako peke yake. Mkiibadili njani, pelekeni habari mahali simu inaposhika, kabla ya kuingia bondeni. Familia ya Kim ilitafutwa kwa taabu kwa sababu hakuna aliyejua ni barabara ipi kati ya nyingi. Wekeni garini maji, kibiriti, blanketi na kitu cha kutafuna, hata kama mwendo ni wa saa mbili. Na mkilazimika kuliacha gari, acheni karatasi ndani yake: nimekwenda upande gani, saa ngapi, nimevaa nini.

Ile karatasi ya mjane ninayo bado, katika saraka ya meza, chini ya daftari la marehemu. Nilitaka kumrudishia, akakataa. Alisema ikae ofisini. Mwandiko wa mjukuu umeanza kufifia kwenye mikunjo, lakini rangi ya pikapu yasomeka vizuri: buluu, mlango wa kushoto mweupe.